Sukari, visiwa na watu walioletwa

Ndugu wasikilizaji, na ninyi mtakaoyasoma haya gazetini, wiki hii nazungumza nanyi kutoka Igowole, wilayani Mufindi, mkoa wa Iringa. Sikuja huku kikazi. Nilikuja kuzika.

Marehemu alikuwa mzee wa miaka themanini na ushee, mchuma chai wa zamani, ndugu upande wa mama yangu. Kaburi lilipotaka kuchimbwa, wanawe walionyesha mahali karibu na wazee wa ukoo. Mzee mmoja, mkubwa wa ukoo, akawavuta pembeni. Hakupaza sauti. Alisema maneno matatu tu: "Babu yake aliletwa." Hakusema babu yake alihamia, wala hakusema alitoka mahali fulani. Aliletwa. Vijana wa mjini hawakuelewa, lakini wazee wote walielewa, na marehemu akazikwa chini kabisa, karibu na milingoti, nje ya mstari wa wenye ukoo. Kisha tukanawa mikono, tukakaa kwenye mabenchi, tukaletewa chai ya msibani. Mnaijua chai ya msibani ilivyo: sukari hutiwa kwenye sufuria bila kuulizana.

Nilikunywa chai hiyo nikiwa na mawazo mengi, kwa sababu kwa miezi kadhaa nilikuwa nikisoma habari za wataalamu wa mambo ya kale wanaochimba mashamba ya miwa ya visiwani, mashamba yaliyolimwa na watumwa. Hebu leo niwaeleze wanachokitafuta, na kwa nini naona kinatuhusu sisi tunaokaa milimani, mbali na bahari.

Tuanze na muwa wenyewe. Aliyewahi kuushika anajua kwamba ukishakatwa haungoji. Ndani ya siku moja au mbili utamu huanza kuharibika. Kwa hiyo anayetaka sukari hawezi kulima tu akapeleka mazao kiwandani wiki ijayo. Zamani ilimpasa awe na shamba na kinu mahali pamoja, na mavuno yakianza watu wafanye kazi usiku na mchana. Wapo wanaokata, wapo wanaobeba, wapo wanaolisha kinu, ambacho kilizungushwa na ng'ombe, maji au upepo, na wapo wanaokoroga maji ya muwa yanayochemka katika masufuria makubwa yaliyopangwa mstari juu ya tanuri. Vidole vilisagwa na ngozi ziliungua. Na kuni! Kisiwa kidogo humaliza msitu wake upesi. Mwishoni uji ule mzito ulimiminwa katika vyungu vyenye umbo la pia, vyenye tundu chini, ili maji meusi yachuruzike na sukari ibaki imeganda.

Nimeyaeleza haya kirefu kwa sababu ndiyo dira ya mchimbaji. Sukari huyeyuka, haikai ardhini. Lakini vyungu vile vya pia hupasuka kwa maelfu, na kigae hakiozi. Tanuri huacha udongo mwekundu ulioungua. Kinu huacha jiwe, mfereji au ukuta. Kwa hiyo mtaalamu akikuta vigae vya namna hiyo porini, anajua yuko wapi.

Mahali pa kale kabisa pa namna hiyo katika nchi za joto za Afrika ni São Tomé, kisiwa kilicho upande wa pili wa bara letu, kwenye Ghuba ya Guinea. Wareno walikikuta hakina watu, wakapeleka miwa na watumwa kutoka bara, na katika karne ya 16 kisiwa hicho kidogo kilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa sukari Ulaya. Katika miaka ya karibuni wataalamu wamechunguza gofu la kinu mahali paitwapo Praia Melão, wakakuta vigae vya vyungu vya kugandishia sukari. Wanaloliona hapo ni mfano wa kwanza wa kitu ambacho baadaye kilivuka bahari kwenda Brazili na visiwa vya Karibi: shamba kubwa, zao moja, kinu kimoja, mamia ya watu wasio na hiari. Mwaka 1595 mtumwa mmoja aitwaye Amador aliongoza maasi huko São Tomé, vinu vingi vikachomwa. Alikamatwa na kuuawa. Leo ni shujaa wa taifa la nchi ile.

Lakini huko ni Atlantiki. Na bahari yetu je?

Katika Bahari ya Hindi kisiwa cha sukari ni Mauritius. Nacho hakikuwa na wenyeji. Waholanzi walipeleka miwa mwaka 1639, wakaondoka mwaka 1710. Wafaransa wakaja, wakakiita Île de France, wakajenga mashamba na viwanda. Watu wa kuvilisha walitoka wapi? Walitoka Madagaska, walitoka Msumbiji, na walitoka hapa kwetu. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piasta 20 kila mmoja, na piasta 2 juu yake kwa kila kichwa zikiwa zawadi ya mfalme. Mkataba huo upo, umechapishwa vitabuni. Ukiusoma unaona maneno ya adabu na urafiki, kama vile wanaongea juu ya magunia ya mtama.

Waingereza waliteka kisiwa kile mwaka 1810. Mwaka 1825 ushuru wa sukari yake katika soko la Uingereza ulipunguzwa ukalingana na wa sukari ya Karibi, basi miwa ikafunika kisiwa. Utumwa ulipofutwa huko, tarehe 1 Februari 1835, watumwa walikuwa kiasi cha 66,000. Serikali ya Uingereza ililipa fidia ya pauni milioni 20 katika makoloni yake, na zaidi ya milioni 2 kati ya hizo zilikwenda Mauritius. Walilipwa wenye watumwa. Watumwa hawakulipwa hata senti, ndugu wasikilizaji, msidhani nimekosea kusoma.

Kusini magharibi mwa kisiwa hicho kuna mlima uitwao Le Morne, ambao sasa umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2008. Watumwa waliotoroka walijificha huko. Inasimuliwa kwamba askari walipopanda kuwaambia kwamba wameachwa huru, wao walidhani wamekuja kukamatwa, wakajirusha kutoka majabalini. Ni masimulizi, na mtaalamu hachimbi masimulizi. Lakini chini ya mlima ule kuna makaburi ya zamani yasiyo na majina, na humo timu iliyoongozwa na Krish Seetah ilichimba kwa idhini na kwa heshima. Walikuta watu wazima na watoto. Walikuta pia vitu walivyozikwa navyo: viko vya udongo, chupa, vifungo, sarafu. Vipimo vya vinasaba vikaihusisha asili ya waliozikwa na bara la Afrika na Madagaska.

Fikirini kidogo juu ya kiko kile. Katika daftari la mwenye shamba, mtumwa ni mstari mmoja: jina alilopewa na bwana, umri wa kukisia, na kabila. Na kabila lenyewe ni la uongo, kwa maana wote waliotoka pwani hii, awe Mmakua, awe Myao, awe Mnyasa, waliandikwa "Msumbiji". Daftari halitakuambia kama alikuwa na rafiki. Lakini mtu akizikwa na kiko chake, maana yake yupo aliyejua kwamba marehemu alikipenda, na ambaye, ingawa mwenyewe alikuwa maskini wa kutupwa, hakukichukua. Hilo ndilo linalonivuta katika kazi hii ya kuchimba.

Kuna jambo jingine ambalo wasikilizaji wameniuliza mara kwa mara: mfupa unawezaje kusema mtu alizaliwa wapi? Jibu liko menoni. Jino la ukubwani hujengwa utotoni, na likishajengwa halibadiliki. Maji na chakula cha mahali ulipokulia vina madini yanayotokana na miamba ya pale, mojawapo likiitwa strontiamu, na jino huyahifadhi jinsi chungu kinavyohifadhi harufu ya mchuzi wa kwanza. Mifupa mingine ya mwili hujijenga upya siku zote, lakini jino halifanyi hivyo. Kwa hiyo mtu aliyekulia juu ya miamba ya kale ya bara, akafia kwenye kisiwa kilichotokana na volkano, huonekana: jino lasema huko, kaburi lasema hapa. Tena wapo waliochonga meno kwa desturi za kwao. Katika makaburi ya watumwa ya shamba la Newton, kisiwani Barbados, yaliyochimbwa katika miaka ya 1970, meno yaliyochongwa yaliwatambulisha wazaliwa wa Afrika. Katika makaburi hayo alikutwa mzee mmoja aliyezikwa na mkufu wa shanga, meno ya mbwa na kauri, na kiko kinachofikiriwa kuwa kilitoka nchi ambayo leo ni Ghana. Yawezekana alikuwa mganga. Kauri za namna ile hutoka katika Bahari yetu ya Hindi. Zilitembea kuliko wengi wetu tulivyotembea.

Sasa turudi nyumbani, maana ni rahisi kuwalaumu Wafaransa na Waingereza halafu tukalala usingizi.

Unguja na Pemba tunazijua kwa karafuu, na ni kweli karafuu ndiyo iliyotawala tangu enzi za Seyyid Said. Lakini miwa nayo ilijaribiwa. Mkokotoni, kaskazini mwa Unguja, palikuwa na shamba la miwa na kinu, na katika miaka ya 1860 Mwingereza mmoja, Kapteni Fraser, aliliendesha kwa kuwakodi watumwa kutoka kwa mabwana zao, mpaka balozi wa nchi yake mwenyewe akaingilia kati. Mjanja yule! Sheria ya kwao ilimkataza kumiliki mtumwa, basi yeye akampanga kama chumba. Na Pangani, kandokando ya mto, mashamba ya miwa yalistawi katika karne ya 19 kwa jasho la watumwa. Mwaka 1873 baadhi yao waliasi, wakaenda kujenga makazi yao mahali paitwapo Kikogwe. Abushiri bin Salim tunayemsoma shuleni kama shujaa aliyepigana na Mjerumani mwaka 1888 na 1889 alikuwa na shamba la miwa huko Pangani. Shujaa alikuwa shujaa. Na shamba lilikuwa shamba. Mimi sioni sababu ya kuficha mojawapo.

Mtaalamu wa mambo ya kale aitwaye Sarah Croucher alizunguka Unguja na Pemba akiyatafuta mabaki ya mashamba ya karafuu, na Pemba alichimba mahali paitwapo Mgoli, ilipokuwa nyumba ya mwenye shamba. Mashamba haya ni magumu kwa mchimbaji kuliko yale ya Mauritius. Bwana alijenga kwa mawe na chokaa, na gofu lake lipo. Mtumwa alijenga kwa miti, udongo na makuti, kama ambavyo wengi wetu tumejenga. Nyumba hiyo ikianguka, mvua za miaka michache zinaifuta. Kinachobaki ni alama ya nguzo, udongo uliobadilika rangi mahali palipokuwa na nguzo, na jalala: vigae, shanga, mifupa ya samaki, makome. Tena hapakuwa na makambi yenye safu za vyumba. Watumwa wengi wa mashamba ya visiwani walipewa vipande vya kulima chakula chao, na kwa kawaida Alhamisi na Ijumaa zilikuwa siku zao.

Jambo alilolikuta ambalo mimi naliona zito ni vyungu. Wengi wangetarajia nyumbani kwa bwana kujaa sahani za Ulaya. Zilikuwepo, lakini vyombo vya udongo wa kienyeji vilikuwa vingi, vyungu vya kupikia vya aina ileile waliyotumia watu wa kawaida. Maana yake ni nini? Maana yake jikoni mwa bwana alikuwemo mwanamke aliyepika kwa namna aliyoijua yeye, na bwana akala. Wengine husema: basi, mnaona, utumwa wa Zanzibar ulikuwa wa kindugu. La hasha. Kula chungu kimoja hakukuondoa ukweli kwamba mmoja aliweza kumuuza mwenzake. Inaonyesha tu kwamba bwana na mtumwa walikaa karibu sana, na kwamba mpaka kati yao haukuwekwa na ukuta. Uliwekwa na maneno. Nani mstaarabu, nani mshenzi. Nani wa hapa, nani aliletwa.

Mnaona sasa kwa nini chai ile ilinikaa kooni.

Na walioletwa Unguja walitoka wapi? Hesabu za ushuru wa Kilwa zinaonyesha kwamba kati ya mwaka 1862 na 1867 watu zaidi ya 97,000 walisafirishwa kutoka bandari ile, wengi wao wakipelekwa Unguja. Njia ya Kilwa ilikuja mpaka Ziwa Nyasa. Karne ileile nyanda hizi zetu za juu zilikuwa katika vita: Wahehe na Wasangu, Wahehe na Wangoni, na kila vita ilikuwa na mateka. Baadhi ya mateka walisukumwa pwani wakauzwa. Wengine, hasa watoto na wanawake, walibaki kwa waliowateka, wakachunga ng'ombe, wakalima, wakaolewa, wakazaa. Hakuna kinu kilichobaki kama ushahidi wala vigae vya sukari. Nguo na bunduki zilipanda, watu wakashuka.

Sheria nazo zilikuja polepole. Unguja na Pemba utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897, na mtumwa alipaswa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake. Mjerumani huku bara hakuufuta. Aliamuru tu kwamba watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru. Ni Mwingereza aliyeufuta Tanganyika, mwaka 1922. Pigeni hesabu wenyewe. Kuna wazee tuliowaamkia "shikamoo" ambao wazazi wao walizaliwa kabla ya hapo.

Visiwani wengi wa walioachwa huru walihamia mjini, Ng'ambo, na kwa miaka mingi walijitaja kwa makabila ya bara: Mnyasa, Myao, Mmanyema. Siti binti Saad, ambaye sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928, alizaliwa Fumba na wazazi waliokuwa watumwa. Leo hakuna Mswahili anayeona aibu kumtaja. Mauritius nako serikali iliunda Tume ya Ukweli na Haki, ikatoa taarifa yake mwaka 2011, ikazungumzia utumwa na kazi ya mkataba ya Wahindi waliofuata, hadharani. Sisi wa milimani, ambako watu hao walitoka, tumelifanya jambo hili kuwa la kunong'onezana makaburini.

Siku ya pili baada ya maziko nilikwenda kumwona bibi mmoja jirani, mkongwe kuliko wote pale, ambaye aliwajua wazazi wa marehemu. Nilimkuta juani akipukuchua mahindi.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene, mwanangu. Wewe ndiye unayesemaga kwenye redio?"

Nikakubali. Nikamwuliza habari ya babu yake marehemu. Alinyamaza kwanza, akaendelea na mahindi yake. Kisha akasema kwamba yule babu alifika akiwa mtoto mdogo, mgongoni mwa mtu, wakati wa vita vya zamani. Kwamba alikuwa fundi wa kuweka mizinga, na asali yake ililiwa na ukoo mzima. Kwamba alioa hapahapa, akazaa, na wajukuu wake ndio waliouchimba ule mfereji wa maji ambao mpaka leo hao wenye ukoo wanautumia.

"Na alitoka wapi, bibi?"

"Wengine walisema Usangu, wengine walisema ng'ambo ya ziwa."

"Yeye mwenyewe alisemaje?"

"Alikuwa mdogo."

Nikamwambia habari za meno, kwamba wapo wataalamu wanaoweza kulipima jino la mtu wakajua maji ya nchi gani alikunywa utotoni. Alicheka mpaka akaacha kazi. Akasema mzee yule alipokufa hakuwa na jino hata moja, asali iliyamaliza yote.

Kisha akanyanyuka, akachukua fimbo yake, tukatelemka pamoja mpaka kwenye milingoti. Lile kaburi jipya lilikuwa bado na udongo mbichi na maua ya karatasi. Pembeni yake, ambako mimi siku ya maziko niliona majani tu, alinionyesha tuta dogo lililozama, na jingine. Wote wa mlango ule walikuwa hapo, mstari mmoja, babu, baba, na sasa mwana. Nilimwuliza jina la yule wa kwanza. Akanitajia. Nikalitoa daftari nikaliandika.

"Lakini hilo walimpa hapa," akasema. "La kwao hakuna aliyemwuliza."

Ndugu wasikilizaji, muda wangu umekwisha. Jumatano ijayo, Mungu akipenda, nitazungumza nanyi juu ya barabara ya kupeleka viazi sokoni wakati wa masika, jambo ambalo wengi mmeniandikia barua.